Mbao za marehemu baba: nizikate, niziuze au niendelee kuzitunza?

SWALI

Mama Mshauri mpendwa,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mama wa watoto watatu na mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu alikuwa seremala tangu kabla sijazaliwa hadi alipofariki mwaka jana, na mama alikuwa amemtangulia. Baba hakuacha fedha. Aliacha banda lenye mbao 30, karibu zote za mti wa mulombwa na chache za mti wa mukula, alizozipanga mwenyewe zaidi ya miaka kumi iliyopita, akatia vijiti kati ya ubao na ubao, na kuandika mwaka kwa penseli kwenye ncha ya kila mmoja. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikishika upande wa pili wa msumeno wake, kwa sababu kaka zangu walipenda kwenda kwenye mpira.

Mama, napenda mbao kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nikipiga randa ubao wa mulombwa, harufu yake ikatoka na ile michirizi ya kahawia na dhahabu ikaanza kuonekana chini ya maranda, nasahau kwamba mshahara haujafika. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikitengeneza vitu vidogo siku za Jumamosi: vitana, visanduku, miko ya bukari (ugali), na vibao vya kukatia mboga. Wanunuzi ni walimu wenzangu na watu wa parokia. Kibao kimoja hunichukua saa mbili na nusu, nami hukiuza dola 8, kwa maana nikitaja zaidi huniambia kwamba ni mti tu.

Mwezi wa pili mwaka huu mwenye mgahawa mmoja aliniagiza vibao 30 vya kupakulia chakula. Nilifurahi mno, lakini sikuwa na moyo wa kukata mbao za baba. Nilinunua mbao sita kwa muuzaji wa barabarani, dola 24 kila mmoja, naye aliniapia kuwa zimekauka. Msasa, gundi na mafuta vilinigharimu dola 45, na usafiri dola 15. Vibao nilivipeleka mwezi wa nne, vikiwa vizuri kabisa, nikalipwa dola 240. Kufika mwezi wa nane, 19 vilikuwa vimejikunja na 11 vimepasuka. Mwenye mgahawa anataka fedha yake, nami nilikwisha kuilipa shuleni kwa ajili ya watoto.

Nyumbani nako hakuna utulivu. Yaya yangu wa kiume, yaani kaka yangu mkubwa, anasema mbao za baba si mali ya binti, na amekwisha kupata muuza samani atakayezichukua zote 30 kwa dola 450. Mdogo wangu, kwa upande wake, ananitaka niache ualimu, nichukue zamu yangu ya likelemba (kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu) na kukopa nyongeza ili tununue mashine ya dola 1,500 na kutengeneza vitanda na makabati, kwa sababu anaona vibao na vitana ni mchezo wa watoto. Zaidi ya hayo, mtu mmoja anayeuza vitu vya sanaa amenishauri nichonge lukasa (ubao wa kumbukumbu) na vigoda vya watu wa Kiluba, nivifukize moshi, naye ataviuza kama vitu vya zamani kwa bei kubwa.

Je, mapenzi haya kwa mbao yanaweza kuwa kazi ya kunilisha, au niache yabaki kuwa faraja ya Jumamosi?

Mwalimu wa Katuba

JIBU

Mwalimu, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na penseli mkononi. Marehemu mume wangu alikuwa seremala hapa mjini kwa miaka 26, nami ndiye niliyeshika daftari la karakana yake. Najua harufu unayoisema. Najua pia aibu ya kuitwa na mteja ili uone kazi uliyoisifu wewe mwenyewe ikiwa imepasuka, kwa sababu tuliwahi kutengeneza milango ya kabati ambayo mwezi wa kwanza iligoma kufungwa, na mwezi wa tisa ikaacha nafasi ya kupitisha kidole. Tuliirudia yote kwa gharama yetu.

Nianze na jambo ambalo naona ndilo mzizi wa barua yako yote, ingawa umelitaja kwa sentensi moja tu. Ulikuwa na mbao zilizokaa bandani zaidi ya miaka kumi, ukazionea huruma, ukaenda kununua nyingine usizozijua, ukampelekea mteja hizo. Kwa hiyo mbao kavu zilibaki kwako zikitazamwa, na mbao mbichi ndizo zilizokwenda kubeba jina lako mgahawani. Silisemi hili kwa kukulaumu, kwani nafahamu kwamba mwandiko wa penseli kwenye ncha za mbao hizo ni mwandiko wa baba. Lakini seremala hapangi mbao kwa vijiti, akasubiri miaka, akaandika tarehe, ili zitazamwe. Baba yako alikuwa anaweka akiba ya kazi, na wewe uliyeshika upande wa pili wa msumeno unalijua hilo kuliko kaka zako.

Sasa tuyaangalie maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyovunja vibao vyako, wala haikuwa bahati mbaya. Mti uliokatwa karibuni una maji ya aina mbili: yaliyojaa ndani ya vitundu vya nyuzi zake, na yaliyoshikwa ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Ya kwanza yakitoka, ubao hupungua uzito lakini haubadiliki umbo. Ni pale maji yanapobaki kiasi cha asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu ndipo kuta zenyewe zinapoanza kukauka na ubao kusinyaa, na kusinyaa huko hakulingani kila upande: kwa urefu ni kudogo mno, na kwa kuufuata mzunguko wa pete za mti huwa karibu mara mbili ya kule kwa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao. Ukiongeza kwamba ncha za ubao hukauka haraka kuliko katikati, unapata nyufa.

Uliwachongea watu vibao mwishoni mwa mvua, wakati hewa ya Lubumbashi imejaa unyevu na ubao mbichi haujapata sababu ya kulalamika. Kisha vikapita mwezi wa sita, wa saba na wa nane, hewa kavu na upepo, ndani ya mgahawa wenye moto wa jikoni. Muuzaji alikuapia, naye huenda hakukudanganya kwa makusudi, kwani ubao ulioanikwa wiki chache huwa mkavu kwa nje na mtu akiushika hudhani umekwisha. Kiapo hakipimi maji. Mizani ndiyo inayopima, na mizani ya jikoni inatosha.

Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, na ukipime hapo hapo. Kiweke kwenye tanuri la mwoka mikate jirani yako baada ya mikate kutoka, joto likizidi kidogo nyuzi 100, ukiangalia kisiungue, kisha ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha mara 100. Kipande kilichokuwa na gramu 130 kikaishia gramu 100 kilikuwa na asilimia 30 ya maji, nacho bado hakijaanza kusinyaa, yaani matatizo yake yote yako mbele. Kwa vyombo vya ndani ya nyumba ningependa uone kati ya 10 na 12 kabla ya kuchonga. Usipokuwa na tanuri, pima ubao mzima kila Jumamosi na uandike kwenye daftari. Ukiona mwezi mzima uzito hauteremki, na huo ukiwa ni mwezi wa kiangazi, unaweza kuanza.

Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba ubao wa unene wa sentimita mbili na nusu uachwe mwaka mmoja kivulini. Ni makadirio, lakini ni makadirio mazuri. Likizo yako kubwa ya shule huangukia kiangazi, nawe utashawishika kuanika mbao juani ili uzimalize upesi. Usifanye hivyo. Upake ncha zake nta au rangi ili zisikimbilie kukauka, uzipange juu ya nguzo mbali na ardhi, vijiti vya unene mmoja vikisimama mstari mmoja wima, na uziwekee kivuli pande zote huku hewa ikipita taratibu. Nenda kalitazame tena banda la baba yako kwa macho haya, na utaona kwamba kila kitu nilichokieleza hapa amekwisha kukionyesha.

Kuhusu yaya yako, mheshimu kama mkubwa wako, ila usikubali neno lake kwamba binti harithi. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, nao hugawana kwa usawa, wa kiume na wa kike. Ikiwa ninyi ni watatu, mama alikwisha kutangulia na hakuna mrithi mwingine, basi katika mbao 30, kumi ni zako, na hakuna anayekupa kwa hisani. Kaeni chini pamoja na mjomba au baba mdogo mnayemwamini, mzihesabu mbao na vyombo, muandike, mtie sahihi.

Katika kikao hicho mweke mbele hesabu moja. Muuza samani anatoa dola 450 kwa mbao 30, maana yake dola 15 kwa ubao. Wewe ulilipa dola 24 kwa ubao mbichi uliokupasukia. Inakuwaje ubao uliokauka zaidi ya miaka kumi uuzwe kwa bei ndogo kuliko ule ambao bado unatoa maji? Kwa bei hiyo hiyo ya barabarani tu, akiba ya baba yenu ina thamani ya dola 720. Nakushauri uwaombe kaka zako waache mafungu yao bandani, na kila ubao wa mmoja wao utakapokatwa, alipwe dola 24 katika wiki ile ile vyombo vyake vinapouzwa, kwa maandishi. Wanapata zaidi, nawe hukopi. Yaya yako akiendelea kutaka fedha mara moja, auze mbao zake kumi, lakini asiuze zako.

Nimefikia hesabu za vibao vyako, na hapa naomba unisamehe, kwa maana ni sehemu itakayokuuma kuliko nyufa. Mbao sita kwa dola 24 ni dola 144. Ongeza 45 za msasa, gundi na mafuta, na 15 za usafiri, zinakuwa 204. Ulilipwa 240. Zimebaki 36. Randa, patasi na msumeno vimechakaa. Weka dola moja tu kwa kila kibao ili siku moja uweze kununua vingine, zinabaki dola 6. Vibao 30 kwa saa mbili na nusu ni saa 75 za mikono yako. Dola 6 kwa saa 75, mwanangu, hata kama hakuna hata kimoja kilichopasuka. Uliingia katika kazi hii ukidhani mgahawa ndio umekupa hasara, na kumbe bei ndiyo iliyotangulia.

Tuijenge upya. Kila ubao ulikupa vibao vitano vya kuuza, kwa hiyo kila kibao kimebeba dola 4.80 za mti. Msasa, gundi na mafuta ni 1.50, usafiri 0.50, vyombo 1. Jumla 7.80. Ukijilipa dola 2 kwa saa, ambazo si nyingi, mikono yako inadai dola 5, na kibao kinafika 12.80 kabla ya faida yoyote. Ongeza kidogo kwa ajili ya kile kimoja kitakachoharibika na kwa ajili ya kununua mbao za mwaka ujao, uandike dola 16. Ubao wa baba nao uuhesabu kwa dola 24, usiuhesabu kuwa bure kwa sababu umerithi, kwa kuwa siku utakapokwisha itakubidi ununue mwingine kwa fedha, na fedha hiyo itatoka katika bei unayoitaja leo.

Utaniambia watu wa parokia hawatalipa dola 16. Wengine hawatalipa kweli. Kwa hao tengeneza mwiko wa bukari kutokana na vipande vinavyobaki, kitu cha nusu saa, chenye bei ya jikoni. Kibao na kisanduku uvipeleke kwa wanaonunua zawadi: watu wanaotafuta kitu cha kumpa bwana na bibi harusi, migahawa, na kampuni za mjini ambazo mwisho wa mwaka hutafuta cha kuwapa wateja na wageni wao. Wote hao hununua kitu chenye habari ndani yake, na wewe unayo habari ambayo muuza samani hana. Kila kibao kiende na karatasi ndogo inayotaja jina la mti, mwaka ulioandikwa kwa penseli na baba, tarehe uliyokichonga, na namna ya kukitunza: kioshwe, kifutwe, kisilowekwe majini, kisiachwe karibu na mbabula, yaani jiko la makaa. Ndugu yangu mmoja alinunua kitana cha mti sokoni akanionyesha kwa furaha, nikamuuliza ni mti gani, hakujua, na aliyemuuzia hakujua. Jambo hilo lilinisikitisha kwa muda mrefu. Wewe unaujua mti kwa harufu yake. Ujuzi huo ndio mtaji wako, kuliko mashine yoyote.

Na mashine, hapana. Si kwa mwaka huu. Mdogo wako anakupenda na anataka mkue, lakini mashine ya dola 1,500 haitakausha ubao hata mmoja, na umeme wetu unapokatika mkopo haukatiki. Vitanda na makabati vina mafundi wengi wanaoshindana kwa bei, na vinahitaji mbao nyingi ambazo huna. Ukihitaji kunyoosha mbao kwa mashine, mpelekee fundi mwenye nayo, umlipe kwa saa. Zamu yako ya likelemba itumie kununua mbao mbichi kidogo kidogo, uzipange bandani mahali zilipotoka za baba, na uandike mwaka kwa penseli. Ubao mmoja ukitoka, mmoja uingie. Ukifuata hivyo, baada ya mwaka au miwili utakuwa unachonga mbao ulizozikausha wewe mwenyewe.

Anayesema vitu vidogo ni mchezo wa watoto hajazitazama vizuri kazi za mikono za eneo letu. Lukasa ya Waluba ni ubao unaokaa kiganjani, umepambwa kwa shanga na simbi, na watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha kidole juu yake huku wakisimulia habari za wafalme na safari zao. Historia ya ufalme mzima ilibebwa kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kichonge kitu kidogo bila kuona haya. Lakini yule anayekutaka uchonge lukasa na kuifukiza moshi ili aiuze kama ya zamani, mkatalie leo, wala usimpe nafasi ya kurudi. Huo ni uongo kwa mnunuzi na ni wizi kwa wazee waliozichonga zile za kweli, na jina likishachafuka kwa uongo halisafishwi kwa msasa. Ukipenda umbo la kigoda au la mto wa mti wa kulalia, jifunze kwa kutazama katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, kisha uchonge chako, utie alama yako na mwaka wako. Waweza pia kuzungumza na wapiga shaba wa mjini, wakutengenezee kisalaba kidogo cha shaba, kwa mfano wa ile misalaba ya Katanga iliyotumika zamani kama fedha, ukikitia kwenye kifuniko cha kisanduku. Shaba juu ya mulombwa ni nzuri sana kwa macho, na mtu wa hapa akiona anajua imetoka wapi.

Kuhusu mbao za mukula ulizoachiwa, zitunze kwa uangalifu wa pekee. Unakumbuka jinsi malori yalivyobeba magogo ya mukula katika miaka ya 2010 kwenda ng'ambo, mpaka miti hiyo ikawa nadra mahali ilipokuwa mingi. Mukula uliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, jamii yake yote ya Afrika ikaingizwa, pamoja na mulombwa, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mninga. Hii haikuzuii kuchonga na kuuza mjini. Ila siku ndugu aliye Ubelgiji au mteja wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, atakapotaka mzigo, usimwahidi kabla hujauliza ofisi ya mazingira ni karatasi gani zinahitajika kwa aina ya kitu unachokipeleka. Ndani ya nchi pia, nunua kwa muuzaji awezaye kuonyesha kibali na kukupa risiti. Mulombwa unahitaji karibu umri mzima wa mtu ili ufikie unene wa kutoa mbao, na misitu iliyouzunguka mji wetu imekwisha kwenda kwenye makala, yaani makaa ya kupikia. Omba pia vipande vinavyobaki katika karakana za samani. Kwao ni kuni, kwako ni vitana.

Kuna mambo matatu ya karakana ambayo sitaki uyasome kwa haraka. Vumbi la mulombwa huwasha macho na kifua, na baadhi ya watu huwaletea pumu, hivyo fanya msasa nje, ukiwa umefunika pua na mdomo, watoto wakiwa mbali. Miti hii myekundu hutoa rangi, na ndiyo sababu wazee walipata kwayo unga mwekundu wa kujipaka. Usichonge mwiko wa mukula mpaka uwe umelaza kipande chake usiku kucha ndani ya maji ya moto na kuona yamekuwaje. Tatu ni mafuta. Mawese na mafuta ya karanga hayakauki, yatabaki yananata na mwisho yatanuka. Tumia mafuta ya kitani yasiyotiwa dawa za kukaushia, au nta ya nyuki kutoka kwa wauza asali, ukipaka pande zote mbili za kibao kwa usawa, kwa maana kilichopakwa upande mmoja hujikunja. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuviacha kwenye kona: hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au uvitie majini.

Ualimu usiuache. Mshahara unaochelewa bado unakuwezesha kumkatalia mteja anayetaka kibao kwa dola 8, na uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyoudhania. Daftari lako likionyesha miezi kumi na miwili mfululizo ambapo kazi ya mbao, ikijilipa saa zake zote, imekupa zaidi ya mshahara, niandikie tena tuzungumze. Wakati huo utahitaji pia kujiandikisha. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, ambazo Kongo imejiunga nazo tangu 2012, zinamtambua mfanyabiashara mdogo anayejitangaza mwenyewe bila kuunda kampuni, na kwenye Guichet unique, ofisi ya kuandikisha biashara, watakueleza hatua zake.

Limebaki lile la mgahawa, na hapo ndipo pa kuanzia. Nenda wewe mwenyewe wiki hii, asubuhi kabla wateja hawajaja, umwambie mwenye mgahawa ukweli: kwamba mbao zilikuwa mbichi, kwamba kosa ni lako kwa kutozipima, na kwamba huna dola 240 lakini utamrudishia vibao 30 vya mbao zilizokaa bandani zaidi ya miaka kumi. Umpe tarehe: kumi mwisho wa mwezi huu, kumi mwezi unaofuata, na kumi wa mwisho baada ya hapo, kwa Jumamosi zako na jioni chache. Akikubali, andikeni. Akikataa na kutaka fedha, mwombe akulipishe kwa mafungu, na vibao utauza kwingine kwa dola 16.

Kwa vyovyote vile utahitaji mbao sita kati ya kumi zako. Zipime kwanza, hata za baba, kisha chagua ule wenye mwaka wa zamani kuliko zote. Kabla hujaukata, kata ncha ile yenye penseli, kipande cha upana wa vidole vinne, ukipige msasa upande wa nyuma tu, ukitoboe tundu, ukitundike juu ya meza yako ya kazi. Kisha mwite mtoto wako mmoja aje ashike upande wa pili wa msumeno.

Mama Mshauri